Ada ya Mwezi wa Agosti

Inuyama, 2 Septemba

Mdogo wangu Kunihiko,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba huko Sapporo joto limeanza kukuonea huruma, maana huku bado linatukaanga. Tumbo lako limetulia? Unapika, au bado unaishi kwa zile tambi za kumiminia maji ya moto? Mimi sijambo, ila magoti. Baba yuko bado katika hospitali ya mazoezi ya viungo, anakula vizuri, na mkono wa kulia umeanza kushika kijiko.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kujificha. Soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Jambo lenyewe linamhusu mkeo. Tangu kampuni ikuhamishie huko peke yako, nami nirudi kuishi hapa, nimekaa na Chikage nyumba moja mwaka na nusu, na sikumwamini. Hana neno baya kwa mtu, na watu wa namna hiyo hunitia wasiwasi. Baba alipopatwa na kiharusi mwezi wa Februari nilidhani chumba chake cha kutengenezea saa kitafungwa. Kumbe kila Jumanne namwona Chikage anatoka na boksi limefungwa vizuri, na kila mwezi anakwenda lile duka la kona na bahasha ya kahawia kwapani. Nikimuuliza, ananijibu, "Natoka kidogo tu dada, narudi sasa hivi." Kidogo gani hicho kisichoisha?

Bi Okumura, muuza tofu, naye akanichochea. Akaniambia, "Sumiyo, wifi yako ana mizigo kuliko posta. Mwenzetu umelala?" Nikacheka, lakini nilipofika nyumbani niliingia moja kwa moja chumbani kwa Baba kutazama ukuta. Zile saa zake za ukutani, zilizokuwa kumi na tisa, zilikuwa zimebaki kumi na moja. Nikasema, basi, tunaibiwa.

Unajua Baba alivyokuwa na mnada wake wa mtandaoni. Alinunua saa kuukuu za ukutani, akazifufua, akaziuza mnadani, na kila mwezi wenye mnada wakamletea kadi ya posta ya kulipia ada ya muuzaji. Kadi ikifika asubuhi, mchana imeshalipwa pale dukani. Alikuwa akitutania kwamba ada ni kama kuoga, ukiahirisha watu watakunusa. Miaka kumi na sita hakuchelewa.

Sasa mwezi wa Agosti kadi haikuonekana. Chikage aliniuliza kwa upole kama nimeiona. Nikamjibu sijaona kitu, huku namtazama usoni, na uso ulimbadilika. Akaniuliza tena kesho yake. Akawa anachungulia sanduku la barua hata kwenye mvua. Alipowapigia simu wenye mnada akakuta wamefunga kwa mapumziko ya Obon, watu wote wamekwenda kwao kusafisha makaburi. Jinsi alivyozidi kuhangaika ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba ana la kuficha.

Siku ya mwisho ya kulipa ikapita. Tarehe ishirini akaunti ya Baba mnadani ilifungwa. Saa zake mbili zilizokuwa zinashindaniwa zikaondolewa, na maneno yote ya shukrani waliyomwandikia wanunuzi yakafutika. Chikage alikaa sakafuni mbele ya kompyuta akalia. Ndipo nikampasulia: alikuwa anafaidi nini kwa mali ya mgonjwa?

Hakubishana. Aliniletea kitabu cha Baba cha akiba ya posta, na bei ya kila saa iliyouzwa imo, haikupungua yen hata moja. Kisha akafungua ile bahasha. Mlikuwa na karatasi za maneno ya wanunuzi alizozichapisha kwenye mashine ya dukani kila alipokwenda kulipa ada. "Fundi, saa imefika, inapiga vizuri, mama yangu amefurahi mno." Mwalimu wa matamshi pale hospitalini alimwambia Chikage amtafutie Baba kitu cha kusoma kwa sauti, ulimi upate kuzoea tena. Magazeti Baba aliyakataa. Maneno ya wanunuzi aliyasoma, yakamwishia, akataka mengine, na mengine hayaji bila kuuza saa. Baba mwenyewe ndiye aliyemkataza kuniambia. Hakutaka nimsikie akisema kwa kigugumizi.

Jumapili tulikwenda kumwona. Chikage akapiga magoti kando ya kitanda, akainamisha kichwa mpaka sakafuni, akamwambia mnada umefungwa kwa kuwa yeye alisahau tarehe ya kulipa.

Kunihiko, hakusahau. Kadi niliitoa mimi sandukuni kabla yake, nikaitia kwenye droo ya madhabahu ya marehemu Mama, chini ya udi, na mpaka leo imo. Nilitaka akwame ili nimfumanie. Hata baada ya kuona karatasi zile niliona haya kusema, na pale hospitalini nilisimama nikimenya pea.

Baba alimtazama, mdomo unahangaika. Halafu akasema, bila kukwama hata mahali pamoja, sentensi yake ya kwanza nzima tangu Februari: "Mimi sijachelewa hata siku moja, wewe umeniaibisha."

Chikage akajibu, "Ndiyo, Baba. Nisamehe." Mwalimu wa matamshi, aliyekuwa mlangoni, akapiga makofi kwa furaha.

Kesho naichukua kadi nakwenda kumwambia Baba, Chikage akiwapo. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Najua mnada hautafunguliwa tena.

Jitunze, na usivue soksi mapema, baridi ya huko haibishi hodi. Chikage anakusalimu sana. Hajui nimeandika nini. Ameniomba nikuambie usimlaumu kwa ile ada.

Dada yako,
Sumiyo