Mtani Wangu Amelikamata Jino Langu

Mama Benadetha wa ukurasa wa ushauri, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, gazeti lako nalipata kwa Nurdin muuza duka likishafungia vitumbua, kwa hiyo jibu lako likichelewa kunifikia ujue bado limefunga vitumbua, na leo naomba unisaidie kabla watu hawajanimaliza kwa kicheko. Nakuandikia huku shavu nimeliegemeza ukutani kwa sababu ukuta una ubaridi, ukiona mistari inapanda mlima ndiyo sababu. Jina langu nakuomba sana ulifiche. Mimi ni Mmwera, mkulima wa korosho na ufuta hapa Kiranjeranje, nina mke mmoja anaitwa Imani na gego moja la chini, upande wa kulia, ambalo ndilo kesi yenyewe.

Mama, mimi si mlevi, sivuti sigara, sitoki nje ya ndoa, starehe yangu ni chai. Nakunywa mkandaa, chai isiyo na maziwa, wenye sukari ya kutosha, mpaka Imani anasema mimi nakunywa sukari iliyotiwa majani, na nikienda shamba nabeba chupa ya chai, nikimaliza mstari mmoja wa palizi napiga fundo moja, mstari fundo, mstari fundo, mpaka adhuhuri, na msimu wa korosho ukifika chai inasaidiwa na mabibo, yale matunda ya mkorosho, kwa sababu yamelala chini bure na kuyaacha ni kufuru, nayanyonya kutwa nzima huku naokota korosho, nikirudi nyumbani napitia kashata kwa Nurdin, na kipande cha mwisho cha kashata nakiweka kati ya shavu na fizi nikilala, kinayeyuka polepole na usingizi unakuja nao, ni mazoea yangu tangu utoto. Mswaki napiga kila asubuhi, tena kwa nguvu mpaka meno ya mswaki yanalala kifudifudi, kwa hiyo tafadhali usiniambie habari za uchafu.

Basi mwaka jana lile gego likatoboka. Nikaona tundu ni dogo, hata mlango una tundu na nyumba haianguki. Lakini msimu huu likaanza kunipigia ngoma, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kufikiri nikajiuliza, mafuta ya ganda la korosho si ndiyo tunayopaka nguzo ili mchwa wasile? Kama yanaua mchwa, mdudu wa jino ni nani? Nikachovya kijiti cha kiberiti, nikalenga tundu, nikatia. Jino lilinyamaza siku ileile, sikatai, lakini ulimi ulibabuka, mdomo wa chini ukawa mweusi kama sufuria, na kwa siku kadhaa nilikunywa uji kwa mrija. Baadaye jino likaamka tena, safari hii na shavu juu yake.

Sasa ndiyo tunafika kwenye shida yenyewe. Shangazi yangu alifariki huko Pande, Mungu amrehemu, na kama ujuavyo huku kwetu hakuna msiba bila watani. Wakaja na vituko vyao, na mbele yao alikuwepo Damiani, wazee wake walishuka kutoka Newala zamani, sisi na wao tunataniana tangu enzi za mababu. Damiani alitia limau zima shavuni mwake, akaja akakaa ubavuni pangu pale jamvini, akashika shavu na kugumia kila nilipogumia, watu waliokuwa wanalia wakaanza kutetemeka mabega. Halafu akatema limau, akasimama, akaninyooshea kidole.

"Jamani sikilizeni," akasema. "Hili jino la ntani wangu nimelikamata. Kuanzia leo ni mali yangu mpaka alikomboe kwa jogoo."

Wazee wakapiga makofi. Mama, mtani akikamata kitu chako huwezi kukasirika, ukikasirika unakuwa mtoto, kwa hiyo nilicheka kwa upande mmoja wa mdomo nikidhani yameishia pale.

Hayakuishia. Kila asubuhi Damiani anapiga hodi. Hanisalimu mimi, anasema, "Likwata, jino langu limeamkaje?" na ananimulika mdomoni kwa tochi kabla sijanawa uso. Akinikuta na kikombe anakitwaa. "Mali yangu haiogeshwi sukari." Ameenda kwa Nurdin akakataza nisiuziwe kashata, na Nurdin, ambaye ni Mwislamu mwenzangu na jirani yangu ukuta kwa ukuta, amekubali! Wiki iliyopita ameuza nusu ya jino kwa shemeji yake Kornelio kwa mkungu wa ndizi, sasa wanakuja wawili, na juzi waligombana mbele yangu kuhusu mpaka, Damiani anasema yeye ana upande wa ulimi, Kornelio anasema hapana, upande wa shavu ndio wenye uvimbe na yeye hakununua uvimbe, na mimi nimeachama pale kati yao kama baraza la ardhi.

Nikamlalamikia mke wangu, Imani akasema, "Wewe Likwata, mpe mtu jogoo wake mwende hospitali." Eti mwende! Kwa sababu Damiani naye kila siku anasema twende akaling'oe jino lake, pikipiki anayo, mafuta anatia yeye. Lakini fikiria mama, nikienda naye likang'olewa, atalichukua, atalifunga uzi, atalivaa shingoni, na kila msiba kuanzia Kilwa mpaka Lindi watu wataonyeshwa jino la ukoo wetu. Na nikienda peke yangu kwa siri nitakuwa nimeiba mali ya mtu. Jogoo sitoi, nikitoa jogoo nimekubali kwamba lilikuwa lake. Kwa hiyo nimekaa. Tangu jana mdomo unafunguka upana wa kidole kimoja tu, jicho la kulia limeanza kujifunga, jioni napata homa ya baridi na mate yakipita kooni yanauma, lakini hayo nayavumilia, linaloniumiza ni heshima. Naomba uniambie kwa mila na kwa sheria: jino lililo mdomoni mwangu lakini limekamatwa na mtani, ni la nani?

Wako katika maumivu,
Mwenye Shavu, Kiranjeranje.

MAMA BENADETHA ANAJIBU

Marahaba, Likwata. Uliomba nilifiche jina lako kisha ukalitaja mwenyewe mara mbili. Nimeliacha lilivyo, maana kwa shavu hilo kijiji kizima kinakujua. Na kabla hatujaendelea, na mimi kwetu ni Newala, kwa hiyo ni mtani wako, nitakusema nitakavyo na ukikasirika utakuwa mtoto.

Nakupa pole ya jino, tena pole ya kweli, maumivu ya gego hayana mfano. Pole imeishia hapo. Umeandika barua ndefu kuhusu jogoo, limau na mkungu wa ndizi, halafu kule mwishoni, kama mtu anayekumbuka kuaga, unaniambia mdomo haufunguki, jicho linafunga, una homa na kumeza kunauma. Hayo ndiyo yangekuwa mstari wa kwanza! Usaha umetoka kwenye jino unatembea, baba. Unaweza kupanda machoni, unaweza kushuka kooni ukaziba pumzi. Mtu mwenye dalili hizo halali nyumbani akisubiri gazeti, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Nimemtuma mtu wetu ampigie simu Nurdin ili akufikishie maneno haya kabla hayajachapwa. Siwezi kuviachia vitumbua maisha yako.

Sasa, unasema nisikwambie habari za uchafu. Sikwambii. Nakwambia habari za chai. Sukari ikiingia mdomoni, vijidudu vilivyomo vinakula pamoja nawe, na vikila vinatoa ukali unaolainisha jino. Mate yako ndiyo yanayolisafisha na kuliponya, lakini yanahitaji nafasi. Ukinywa chai yako tamu mara moja ukaimaliza, mate yanapata muda wa kufanya kazi. Wewe kila mstari wa palizi unavipakulia upya! Kisha unaongeza mabibo, ambayo yana ukali wake yenyewe na sukari juu yake, kutwa nzima. Halafu usiku, mate yanapopungua, ndipo unavilaza na kashata. Hata ungekuwa unawaandalia wageni karamu usingefanya zaidi ya hapo. Na mswaki wa asubuhi kwa nguvu za kulimia haurudishi kilichopotea usiku. Unakwangua fizi tu.

Na yale mafuta ya korosho! Mkulima mzima, unayejua mbangua korosho anavyojipaka majivu mikononi asiungue, unayatia mdomoni mwako? Hakuna mdudu wa kuchomwa mle ndani. Ulichochoma ni ulimi wako. Jino lilinyamaza kwa sababu mshipa wake ulikuwa unakufa, na kimya hicho ndicho kilichokupumbaza. Usirudie, na usiende duka la dawa kununua vidonge viwili vitatu vya kubahatisha. Hospitali watakupa dawa inayokufaa, watakupiga sindano ya ganzi, na wataamua wenyewe kama jino linatoka leo au uvimbe unatibiwa kwanza.

Umeniuliza jino ni la nani. Nitakujibu kwa swali. Mtu anayekuamsha kukuuliza jino limeamkaje, anayekunyang'anya sukari, anayekufungia duka la kashata, anayetoa pikipiki na mafuta yake ili ukatibiwe, huyo ni mwizi wa aina gani? Damiani alikuona shavu pale msibani, akajua wewe si mtu wa kuambiwa "nenda hospitali" ukaenda. Mke wako amekwambia mara ngapi? Akatumia njia pekee ambayo mila inamruhusu, na ukakaa chini unabishana naye mpaka wa jino. Heshima ya ukoo si sababu, Likwata. Unaogopa koleo. Mwanamume anaweza kuogopa koleo, hata mimi naliogopa, na wa kwanza kukuambia hivyo angekuwa daktari mwenyewe. Lakini sema unaogopa, usimsingizie mtani.

Basi fanya hivi. Kamata jogoo, mpe Damiani, agawane na Kornelio wanavyojua. Panda pikipiki yake sasa hivi, Imani akae nyuma yako akushike. Mwambie daktari ukweli wote, pamoja na mafuta ya korosho. Jino likitoka, acha watani walichukue, wakitaka walivae, wakitaka walitundike mlangoni. Ukipona, chai kunywa na chakula, sukari ipungue kidogo kidogo mpaka ulimi uzoee, na shamba beba maji. Mabibo kula ukimaliza kazi, usinyonye kutwa, kisha sukutua na maji, usikimbilie mswaki papo hapo, subiri kama nusu saa. Usiku mswaki laini na dawa yake ndiyo kitu cha mwisho kuingia mdomoni, baada ya hapo maji tu. Kashata ilale kwa Nurdin.

Nilikuwa na kaka, Eusebio. Alikuwa na jino kama lako na shavu kama lako, na kila tulipomwambia aende alisema keshokutwa. Siku ya msiba wake watani walikuja, kwa maana kuchimba kaburi ilikuwa kazi yao, na sisi wafiwa tuliwasubiri watuchekeshe kama ilivyo desturi. Wakachimba, wakamaliza, wakaegemea majembe yao, na hakuna aliyepata neno la kusema. Damiani hataki kuchimba la kwako, Likwata. Mfungulie mlango.