Biskuti ndani ya kanga

Evodia, acha hayo mahindi usome hapa. Nimeharibu.

Leo tulikuwa Korogwe kwa wale watafiti wa usonji, wanaochagua watoto wadogo wa kufundishwa mapema. Mimi nikadhani ni kama kuandikisha shule, wanachukua wenye akili. Nimwache mjukuu wangu aaibike mbele ya wageni?

Maryamu alibaki nje na kichanga chake, nikaingia na Jabiri. Nesi akasimama nyuma ya mtoto, karibu na mimi, akaita, “Jabiri.” Nikaminya pakiti ya biskuti ndani ya kanga, ikachakarika. Mtoto akageuka. Nesi akaita tena, nikaminya tena. Akageuka tena. Nilikuwa nacheka moyoni kama mwizi wa kuku.

Nesi akauliza kama Jabiri anaonyesha vitu kwa kidole. Nikasema hata mwezi anauonyesha. Ana miaka mitatu, Evodia, hajawahi kunionyesha hata mbuzi.

Nesi akasema, “Bibi, huyu anaitika vizuri. Sisi tunachukua wasioitika.”

Wasioitika. Nilibaki na biskuti zangu.

Maryamu alivyoambiwa mwanawe hana shida, alilia kwa furaha. Njia nzima hadi Kwedizinga, “Mama, kumbe anasikia, anaturingia tu.”

Sasa hivi yuko jikoni anaita, “Jabiri. Jabiri baba.” Ananyamaza, anangoja. Anaita tena.

Njoo, tafadhali. Nataka kumwambia ukweli, turudi kwa nesi kesho. Nikisema peke yangu atadhani natania.