Mzalia, Si Mzaliwa

Mjukuu wangu Salma,

Huku Kongowe, Kibaha, tu wazima, na bibi yako anapepeta mchele huku akilalamika kwamba hupigi simu.

Umeuliza kwa nini kwenye maziko ya dada yangu yule Mwarabu wa Kisarawe alishuka kaburini kumpokea marehemu, kama ndugu.

Ujanani nilikuwa karani wa mahakama kule Kisarawe. Hadi leo naukumbuka ule ukungu wa asubuhi. Siku moja, nikinakili majalada ya zamani, nikakuta kesi ya mirathi yenye jina la mama yake bibi yangu, na kando yake neno "mzalia". Nikadhani mwandishi kasahau herufi, alitaka kuandika "mzaliwa". Jioni nikamsimulia bibi yangu huyo nikicheka.

Bibi aliacha kukuna nazi. "Hakusahau kitu. Mzalia ni mtoto wa mtumwa, aliyezaliwa kwa bwana. Na bwana mwenyewe, Mwarabu wa huko Kisarawe, ndiye aliyemzaa mama yangu. Wanawe walisemaje?"

Kesho yake nikaisoma kesi yote, nikarudi kumweleza. Walimkana asirithi, isipokuwa mmoja, aliyesema: "Huyu ni dada yangu. Akifa, nitashuka mimi kumlaza."

Bibi akaniomba nirudie. Kila nilipokwenda kumwona aliniomba nirudie.

Yule uliyemwona ni kitukuu wa huyo mmoja. Jalada hajawahi kuliona. Nilimuuliza nani alimwambia ashuke, akanishangaa.

"Kwetu tunakua tukiambiwa hivyo," akasema. "Wale wa Kibaha wakifiwa na mwanamke, sisi tunashuka."

Babu yako