Taa Iliyowashtua Ndakala

Jumatatu, 17 Julai
Nimechomea waya tangu asubuhi. Redio mbili za wateja zinasubiri. Zisubiri. Taa ya Asani kwanza. Tangu vita vizibe barabara, mafuta ya karabai yanapatikana kwa kubahatisha. Asani mume wangu anasema bila taa hakuna ndakala, dagaa wa ziwa letu, na bila ndakala atapanda lori la Jumamosi kwenda machimboni, barabara ya Nyunzu. Huko watu wanauana. Nimemwambia sitaki. Akaanza kuhesabu nauli. Kuhesabu kwake nakujua.

Jumanne, 18 Julai
Taa ya ledi inawaka kwa betri. Kuwaka si kazi. Kazi ni kufifia. Ndakala wakishakusanyika chini ya mwanga, karabai hupunguzwa taratibu, samaki wanapanda na kujibana, ndipo wavu unainuliwa. Ledi haina upepo wa kupunguza kama karabai. Inabidi kulidanganya jicho: iwashwe na kuzimwa haraka haraka, na ikikaa zaidi kwenye kuzimwa, jicho linaona mwanga hafifu. Nimekiandikia kikompyuta changu, chipu ndogo niliyonunua Kigoma: washa, subiri, zima, subiri. Nimeongeza kipimo cha betri, kwa maringo tu. Mezani inafifia vizuri. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumatano, 19 Julai
Usiku kucha wamepata nusu ndoo tu ya samaki. Papa Bahati, mkubwa wa wavuvi wa mtumbwi wao, amekuja mwenyewe kibandani kwangu.
"Mama Zaina, taa yako inashituka. Samaki nabo banashituka, banashuka chini. Wavu inapanda bule."
Nilikasirika. Nikamjibu kwamba taa haina moyo. Alipoondoka nikaiwasha juu ya sinia la maji, nikakodoa macho. Kweli. Kila baada ya muda mwanga unaruka. Aibu.

Alhamisi, 20 Julai
Kosa nimelipata, na ni langu. Kikompyuta kinafanya jambo moja kwa wakati. Kikienda kupima betri, kinaisahau taa. Ikiwa imewaka, inabaki imewaka mpaka kirudi. Yaani maringo yangu ndiyo yanafukuza samaki! Asani ameazima sururu. Sijala.

Ijumaa, 21 Julai
Nimesoma maelezo ya chipu, Kifaransa cha kuumiza kichwa. Kumbe ndani yake kuna kihesabio kinachojitegemea. Unakipa kiwango cha mwanga mara moja tu, kinawasha na kuzima chenyewe, chipu ikiendelea na mambo mengine. Ila kinatoa umeme kwenye miguu michache tu ya chipu, na mimi waya wa taa niliuchomea kwenye mguu mwingine. Nimeuhamisha. Kidole kimeungua. Zile washa-subiri zote nimezifuta. Mwanga kwenye sinia umeshuka bila kuruka hata mara moja.

Nimewaza sana. Wiki nzima nami, kama kile kikompyuta, nimemshika Asani kwa mkono, nikigeuka kidogo anaponyoka. Leo sikutaja lori. Nimempa taa, nikamwonyesha kitufe, basi.

Jumamosi, 22 Julai
Wamerudi asubuhi, mtumbwi umelemewa na samaki. Papa Bahati alipita akicheka, sijawahi kumwona akicheka.
"Leo imeshuka pole pole, sawa na mama anafunika mutoto."
Asani alianguka kwenye mkeka na nguo zake mbichi. Lori likapiga honi barabarani. Hakuamka. Sikumwamsha. Nimefurahi mno.

Jumapili, 23 Julai
Mume wa jirani yangu, Mama Riziki, aliondoka na lori lile. Leo mama huyo hakwenda kanisani. Nimempelekea bukari, ugali wetu, na ndakala wa kukaanga, tukakaa mlangoni kwake. Kila neno nililotaka kusema lilikuwa na furaha yangu ndani, nikalimeza. Akawagawia watoto samaki, wote. Yeye hakula. Kutoka kwangu tulimsikia Asani akikohoa, akiuliza kwa sauti nani ameficha sabuni. Mama Riziki akatazama upande ule.  Nilikaa naye mpaka aliponyanyuka kuosha vyombo, nikamshikia ndoo.