Nimekula ngozi ya ng'ombe miezi minane na jicho linakwisha

Mama Konadu mpendwa, naomba unisaidie, maana nimebaki na jicho moja na hilo nalo linaniaga. Mimi ni mfumaji wa kente, zile nguo zetu za nakshi za rangi nyingi, nina miaka ishirini na mitatu, mjomba wangu Ampem ndiye aliyenifundisha na ndiye aliyeahidi kuniachia kibanda chake cha kufumia kwa kuwa mimi ni mtoto wa dada yake, sasa tangu msimu wa vumbi wa mwaka juzi macho yananiwasha, nayasugua kwa vifundo vya vidole mpaka naona nyota, raha yake siwezi kukueleza, na kidogo kidogo uzi mmoja ukawa nyuzi tatu na taa zikaota mikia. Nikaenda mjini Kumasi kwa siri, daktari wa macho akaniambia kioo cha mbele cha jicho kinashikiliwa na nyuzi nyembamba mno zinazoitwa kolajeni, zangu zimelegea, kwa hiyo kioo kinazidi kuwa chembamba na kuchomoza mbele, akasema nirudi upesi nitiwe matone na kumulikwa mwanga maalumu wa kuzikaza.

Kosa langu ni kumwambia mama, tena nikamwambia neno moja tu, kolajeni. Mama anauza wele sokoni, zile ngozi za ng'ombe za kutia mchuzini, na mteja mmoja alishamwambia zimejaa kolajeni, basi akapiga makofi, "Haa! Yaani dawa ninayo kwenye beseni, halafu mwanangu akahangaike na madaktari?" Tangu siku hiyo ni fufu, ule ugali wetu wa muhogo wa kutwangwa, na wele kila jioni, ananichagulia vipande vinene, anakaa mbele yangu anauliza, "Leo unaniona vizuri?" nami najibu, "Nakuona, Mama," wakati namwona ana vichwa viwili, na kwa daktari sikurudi kwa sababu nilitaka sana mama awe amesema kweli.

Mwezi uliopita tuliunga vipande vyembamba, kila mfumaji wa kibandani na alivyofuma, viwe nguo ya mheshimiwa mmoja, vyangu vikakataa kukutana na vya wenzangu, nakshi zimepishana upana wa kidole, mjomba akaniita mbele ya watu, "Bwana harusi, hebu njoo! Ni msichana gani huyo anayekuhesabia nyuzi siku hizi?" Wote wakacheka, nami nikacheka, nikataja jina la msichana ambaye hayupo. Ndipo nikarudi Kumasi, daktari akapima, akasema la kushoto limeshakuwa jembamba mno, mwanga ule utaliumiza, la kulia bado linafaa lakini kwa shida. Hizo ni wiki tatu zilizopita na sijaenda kutibiwa, kwa sababu nikikaa siku nyingi bila kufuma mjomba atajua na kibanda atapewa binamu yangu, na mama atajua alichonifanyia. Sili, silali, sitaki hata kusali. Mtu ambaye hajui kitu kingine duniani ila nyuzi, akipofuka anakuwa nani?

Mfumaji

Mama Konadu anajibu:

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nilitaka kukukumbatia na kukuzaba kofi.

Wele uliyokula ilikwenda tumboni, ikasagwa kama nyama nyingine. Tumbo halina njia ya kuipeleka jichoni ikajipange kwenye mstari wake. Tena wewe, mfumaji! Nyuzi za mtande, zile za urefu, zikilegea, utazikaza kwa kurundika pamba juu ya kitambaa? Unazikaza zile zile zilizopo. Ndiyo kazi ya ule mwanga na matone, kuzifanya nyuzi za jicho lako zishikane.

Sitakudanganya. Tiba hiyo huzuia tu, ulichokwisha kupoteza hairudishi. La kushoto labda litasaidiwa na lenzi ngumu, labda litahitaji kupandikizwa kioo cha marehemu, na foleni yake ni ndefu. Huenda nakshi nzito usizifume tena. Inauma sana, wala sina maneno ya kuipoza.

Lakini wiki tatu, kwa ajili ya kibanda! Kibanda cha nini kwa mtu asiyeuona uzi? Mjomba mwambie kwa mdomo wako kabla hajaambiwa na kitambaa kingine kilichopinda. Akimpa binamu yako, ampe.

Na mama unamkinga na majuto madogo ili umpe makubwa. Siku utakapomwomba mkono akupeleke uani, atakuuliza ulianza lini kutoona, nawe utamjibu nini? Mwambie leo. Mwambie alikosea, na wewe ulinyamaza. Atalia, mwache alie, kisha aende nawe, maana baada ya tiba jicho litauma siku kadhaa na utahitaji mtu wa kukushika.

Mikono iondoe machoni. Yakiwasha, fumba macho uweke kitambaa cha maji baridi, na daktari umwombe matone ya kuzuia muwasho.

La kushoto lilie, una haki. La kulia lipeleke Jumatatu asubuhi. Usipokwenda, barua nyingine itabidi umtafute mtu wa kukuandikia.