Kilomita Mia za Nelly

Jumapili, 7 Septemba 2025
Mama Nelly kafika Dar. Basi mchana na usiku, miguu imemvimba. Nimemcheka kwenye simu — yeye na woga wake wa ndege! Nelly alitaka kutukatia tiketi wote wawili, mama mtu akagoma. Mimi naruka Ijumaa. Jumamosi asubuhi namshika mkono binti yangu, namwingiza kanisani kuolewa. Nina raha mpaka usingizi hauji.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimepita dukani kwa Hemal, hapa hapa Runzewe. Kanipimia kwenye simu yake: Mwanza mpaka Dar, kwa angani, kilomita mia nane na hamsini hivi. Saa moja na nusu tu! Maharage bado yako jikoni, mtu yuko Dar.
Jioni Nelly kapiga. Namtajia, ananiambia hapana, ni kama mia tisa na hamsini. Tumebishana weee. Nikamuuliza kama Dar imehamia Zanzibar. Kacheka. Msomi wangu wa chuo kikuu, kilomita mia anaziongeza hivi hivi! Lakini nimefurahi. Akibishana najua ni mzima.

Alhamisi, 11 Septemba
Mwanza, kwa dada Apolonia. Basi la asubuhi — Bwanga, Katoro, Geita, halafu daraja jipya. Hakuna tena kusubiri kivuko. Suti haijakunjika. Michembe ya Nelly iko kwenye boksi, viazi vya shamba letu, mama yake kavikausha mwenyewe.
Dada kauliza tiketi inasemaje. Nikamwambia imo kwenye simu, ya nini kuifungua. Ndege ni Mwanza. Tangu lini mtu wa kwetu akapandia kwingine?

Ijumaa, 12 Septemba
Uwanjani. Jamani!
Binti wa kaunta kaitazama simu yangu, kanitazama mimi. Akasema kwa upole, "Baba, wewe unapandia Chato."
Chato! Jirani na nyumbani! Jana pale Bwanga ndipo ningeachana na basi. Nilikuwa dirishani nakula karanga. Kumbe ndizo zile kilomita mia za Nelly. Yeye alipima kutoka Chato, mimi kutoka kwenye mazoea yangu.
Nimempigia. Nilidhani atalia. Kaniambia tu: "Nilikutafutia ya karibu, Baba, usije ukachoka."
Nampenda huyu mtoto.
Sasa iko hivi. Ndege hiyo hiyo ikitoka Chato inatua hapa kuchukua abiria, ndipo iende Dar. Ila asiyepanda kule kiti chake hufutwa, na leo imejaa. Basi la sasa halifiki kabla ya ibada. Binti wa kaunta anawapigia wa Chato wanitunzie kiti. Kiti changu kije chenyewe kunifuata! Nimecheka peke yangu, watu wakageuka. Nilimtolea michembe, akakataa, eti kwanza kazi.
Mama Nelly anapiga. Nimepokea. Hakucheka, ingawa alikuwa na haki yote ya kunicheka. Kasema tu nisivue koti la suti.
Imetua. Naiona kupitia kioo, abiria wa Chato wachache wanashuka. Binti bado ana simu sikioni. Kaninyooshea kidole kimoja — nisubiri.
Nimeshasimama. Boksi liko kwapani, koti sijavua, naandikia juu ya kaunta yake. Anaitikia kwa kichwa, anaitikia tena, sijui anaitikia nini