Kapita wa Kivuko cha Alunguli

Kindu, 3 Mei 1976

Mutoto wa dada yangu Désiré,

Muko wazima huko Kalima? Miye niko muzima, ila magoti. Ujue kama bila miye Zaire nzima ingekosa bati ya kuuza. Mifuko ya Kalima ikifika mutoni, njo miye ninaita wenye mitumbwi, njo miye ninapatana nao, njo miye ninatafuta wapakizi wa treni ng'ambo. Hata kiboko akinisikia anapisha. Sasa nasikia kompani za bati zimeungana, na hii mupya italeta chombo chake cha kuvukia na wapakizi wake yenyewe. Akili gani hiyo? Wewe muntu wa ofisi yao, waambie wanipe ukapita, niwe musimamizi wa wapakizi.

Mujomba wako, Fortunat

Kalima, 14 Mei 1976

Mujomba,

Siye wazima, mutoto alikuwa na homa, imepoa. Magoti nayo?

Nimekusifu mpaka nikaona haya. Patro, mukubwa wa kompani mupya, amechoka: kila asubuhi munapatana bei upya, jua linapanda, mifuko iko ufukoni, treni inaondoka. Anasema kila mukono unaogusa mufuko unataka chake, basi atashika mwenyewe tangu shimoni mpaka kwenye treni. Lakini kapita atahitaji. Atakuja kuangalia kazi yako Jumanne, tarehe 25. Fika mapema, funga mudomo, pakia. Jina langu limesimama juu yako.

Mupwa wako, Désiré

Kindu, 20 Mei 1976

Désiré,

Salamu kwa wote, mutoto apone kabisa. Magoti ni yale yale. Unanifundisha kazi, miye? Utamu wa chumvi unajulikana siku sombe imepikwa bila chumvi. Jumanne sitaonekana. Mitumbwi itagongana, wapakizi watakodoa macho, patro atalia: Fortunat iko wapi? Hapo nitatokea na abakosi yangu mupya, koti ya wakubwa.

Mujomba wako

Kalima, 22 Mei 1976

Mujomba, leo hakuna salamu. Usifanye hivyo. Nakuomba kwa jina la mama yangu, dada yako. Dereva Paulin anakuletea karatasi hii.

Mupwa wako

Kindu, 6 Juni 1976

Désiré, mutoto wangu,

Natumaini homa haikurudi. Miye niko muzima, magoti usiulize. Paulin alifika na karatasi yako Jumatano, kamyo ilimukwamia njiani. Patro alikuwa amekwisha kurudi.

Watakuambia kazi ilikwenda mbio. Ni kweli. Hapakuwa na muntu wa kupatana naye, basi kila mumoja akabeba tu. Adhuhuri haijafika, ufuko ulikuwa mweupe, hata mufuko mumoja haukubaki. Ukapita wamemupa Michel mwenye mutumbwi, yule asiyesema maneno matatu kwa siku. Kompani gani inachukua kapita bubu? Patro akikuuliza, mwambie nilikuwa mugonjwa.

Hii usimwambie mama yako. Sikuwa mbali. Nilikuwa nyuma ya choo cha kivuko, na abakosi yangu, nikingoja waniite. Hata mumoja hakuniita. Nikakohoa, ili wakumbuke. Michel akageuza kichwa, akasema:

"Nani ana mbuzi mugonjwa kule?"

Mujomba wako, Fortunat